Mbwa Asiyechanjwa na Mashua Isiyokaguliwa

Suala la mbwa wanaouma watu ni miongoni mwa mambo ambayo katika kisiwa chetu cha Pemba huzungumzwa sana barazani na kidogo mno maofisini. Mbwa akimuuma mtoto leo, kesho kijiji kizima kitakuwa kinatoa rai: huyu atataka mbwa wote wapigwe, yule atataka mwenye mbwa ashitakiwe, na wa tatu atasema ni kadari ya Mwenyezi Mungu. Wiki mbili zikipita maneno yamekwisha, na hapana hata mstari mmoja ulioandikwa katika daftari la sheha. Nimeamua kuandika juu ya jambo hili wakati ambapo barazani kumenyamaza, kwa sababu historia yetu wenyewe inaonyesha kwamba kipindi cha kunyamaza ndicho kipindi cha hatari.

Historia yenyewe si ya mbali. Mwaka 2010 maradhi ya kichaa cha mbwa yalikuwa yameenea kisiwani humu. Utafiti wa Kennedy Lushasi na wenzake, uliochapishwa mwaka 2023, umefuatilia maradhi hayo kuanzia mwaka 2010 hadi 2020, mbwa kwa mbwa na kijiji kwa kijiji, pamoja na kuvichunguza virusi vyenyewe ili kujua kipi kimetokana na kipi. Walibaini kuwa minyororo mitano ya maambukizo ilikuwa ikienda sambamba hapa Pemba. Ikaanzishwa kazi ya kuwachanja mbwa kila mwaka katika kisiwa chote, ikaboreshwa mwaka hadi mwaka, na ilipofika Mei 2014 minyororo yote mitano ilikuwa imekatika. Mbwa wenye kichaa walipungua, walioumwa wakapungua, na vifo vikapungua.

Tukafanya nini baada ya ushindi huo? Tukalala. Uchanjaji wa mbwa ukalegea, kwa kuwa maradhi hayakuonekana tena na kila mmoja akaona fedha hizo zina kazi nyingine. Mwishoni mwa mwaka 2016 maradhi yakaingia tena kutoka nje ya kisiwa, na si mara moja bali mara mbili, yakawakuta mbwa wetu hawana kinga. Ilibidi kazi ya kuchanja kisiwa kizima ianzishwe upya, na mlipuko ule haukukomeshwa hadi Oktoba 2018. Basi msomaji mwenye kusema kwamba kichaa cha mbwa si tatizo la Pemba ajue kwamba hata wakati ule wa utulivu baada ya Mei 2014 palikuwa na watu waliosema hivyo hivyo.

Yafaa kwanza tuyaelewe maradhi yenyewe, kwani mengi yasemwayo juu yake ni uzushi. Kichaa cha mbwa hutokana na kirusi kinachokaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Mnyama akimuuma mtu, au akimlamba penye mchubuko, kirusi huingia, kikafuata mishipa ya fahamu polepole hadi kwenye ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu, ingawa yaweza kuwa wiki moja na yaweza kupindukia mwaka. Jeraha la kichwani, usoni au mkononi ni la hatari zaidi kuliko la mguuni. Katika muda wote huo aliyeumwa hujiona mzima. Hula, hucheza, huenda skuli. Na hapo ndipo penye mtego. Dalili zikishaanza, homa, muwasho mahali palipoumwa, kuweweseka, kushindwa kumeza hata kuogopa maji, hapana dawa ya hospitali wala ya mganga inayotegemewa kumrudisha. Kabla ya dalili, chanjo itolewayo kwa wakati humwokoa. Elimu hiyo si ngeni: Louis Pasteur alimchanja mtoto aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa huko Ufaransa tarehe 6 Julai, 1885, na mtoto yule akapona. Ni aibu kwamba zaidi ya miaka 130 baadaye Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 59,000 kila mwaka, takriban vyote kutokana na mbwa, na kwamba kiasi cha watu wanne katika kila kumi wafao ni watoto wasiotimiza miaka 15.

Kanuni ya kwanza, ambayo haihitaji bajeti, ni kuliosha jeraha. Lioshwe pale pale, kwa maji yanayotiririka na sabuni, kwa muda wa robo saa kamili. Robo saa ni muda mrefu kuliko wengi wanavyodhani. Ni kama muda wa mtu kutawadha, kusali rakaa nne bila ya haraka na kukaa kidogo katika nyiradi. Sabuni ya kufulia inatosha. Baada ya hapo pakae wazi au pafunikwe kwa kitambaa safi, wala pasishonwe kwa haraka.

Hapa sina budi kusema jambo linalotuhusu sisi Waislamu wa kisiwa hiki. Sote tuliopita chuoni tulifundishwa kwamba chombo alicholamba mbwa huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Mafunzo hayo yametufanya tuwe wepesi wa kuosha kuliko watu wengi, na hilo ni jema. Lakini nimeona kwa macho yangu mtu akilisugua jeraha bichi kwa mchanga wa uani, akidai anaondoa najisi. Huyo anajitafutia pepopunda juu ya kichaa. Nimewauliza masheikh wawili ninaowaamini, na wote wamenijibu kwamba kuhifadhi uhai hutangulia, na kwamba udongo haupelekwi katika jeraha linalotoka damu ikiwa utamdhuru mtu. Ningefurahi kuwasikia makhatibu wetu wakilisema hilo juu ya mimbari, kwani wao husikilizwa kuliko sisi wa mikutano ya hadhara. Pilipili, mafuta ya taa, kitunguu kilichopondwa na unywele wa mbwa aliyeuma, vyote hivyo navyo viachwe.

Kanuni ya pili ni kwenda hospitali siku ile ile, hata kama jeraha ni mkwaruzo mdogo tu. Utaratibu unaopendekezwa na Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2018 ni mfupi kuliko ule wa zamani: chanjo hutolewa siku ya kwanza ambayo huhesabiwa sifuri, kisha siku ya tatu, kisha siku ya saba, kwa sindano ndogo mbili za juu ya ngozi kila mara. Ambaye jeraha lake limetoboa ngozi na kutoa damu huhitaji pia dawa ya kinga ya moja kwa moja inayodungwa ndani na kandokando ya jeraha. Chanjo isiyokamilishwa ni sawa na paa lililoezekwa nusu.

Nalisema hili kwa uchungu. Mapema mwaka 2017, wakati maradhi yalipokuwa yameturejea na sisi hatujatanabahi, mtoto wa jirani yangu, mwenye umri wa miaka tisa, aliumwa shavuni na mkononi alfajiri akienda chuoni. Shangazi yake akampaka mafuta ya taa. Vijana wakamkimbiza mbwa, wakampiga kwa magongo hadi akafa, wakamtupa pwani maji yalipokuwa yanatoka. Siku ya pili baba akampeleka mtoto kituo cha kwanza, akaambiwa chanjo haipo. Akaenda cha pili, akaambiwa mhusika yuko safarini na ufunguo wa jokofu anao yeye. Cha tatu akaipata. Hivyo mtoto alipata sindano yake ya kwanza jioni ya siku ya pili, baada ya baba yake kupanda gari tatu za shamba na kukopa nauli mara mbili. Siku ya kufuata dozi iliyofuata baba alikuwa juu ya mkarafuu. Msimu haungoji, na yeye ni kibarua. Mimi ndiye niliyempeleka mtoto, si kwa wema wangu bali kwa sababu mama yake alinijia nyumbani kunikumbusha kwamba mimi ni kiongozi wa tawi na nilikuwa na baiskeli. Mtoto yule leo ni kijana mzima. Kama mbwa alikuwa na kichaa au la, hatukujua kamwe, kwa kuwa ushahidi tuliutupa baharini.

Hilo linanileta kwenye kanuni ya tatu, inayovunjwa kuliko zote. Mbwa aliyeuma, ikiwa anaweza kukamatwa bila ya kumhatarisha mtu, asiuawe. Afungwe, apewe maji na chakula, aangaliwe kwa siku 10. Sababu yake ni ya kitaalamu: mbwa huanza kutoa kirusi katika mate siku chache tu kabla ya yeye mwenyewe kuugua na kufa. Akiwa bado mzima siku ya kumi, basi siku alipouma hakuwa na kirusi mateni, na daktari anaweza kuisimamisha chanjo ya mgonjwa. Akiugua au akifa, hapana shaka tena, na kichwa chake kipelekwe kwa wataalamu wa mifugo wakachunguze ubongo. Aliyeumwa hangoji siku hizo kumi zipite. Huanza chanjo mara moja. Na asiyekuwa mtaalamu asijaribu kukikata kichwa hicho, wala kumshika mzoga kwa mikono mitupu. Kadhalika ng'ombe au mbuzi aliyeumwa na kuonyesha dalili asichinjwe kwa ajili ya kitoweo, hata mwenyewe akilia hasara. Mchinjaji na wapishi ndio watakaoyagusa mate na ubongo.

Sasa niungame kosa langu. Katika miezi ile ile ya mwaka 2017 nilikaa katika kikao kilichoazimia kwamba mbwa wote wanaozurura katika eneo letu wauawe. Nilinyanyua mkono nikaunga mkono, tena nilisema maneno makali. Kilichotokea ni kwamba wasasi, ambao mbwa kwao ni kama jembe kwa mkulima, waliwahamisha mbwa wao usiku kwa usiku wakawapeleka kwa jamaa zao katika shehia za mbali. Tulidhani tunayaua maradhi kumbe tulikuwa tunayasafirisha. Na wale mbwa wachache waliouawa walikuwa ndio wapole, waliokaa karibu na watu na ambao ingekuwa rahisi sana kuwachanja. Wakali wenyewe walibaki vichakani.

Wala si sisi tu tuliokosea hivyo. Mwaka 1997 wavuvi walipeleka mbwa kwa chombo kutoka Sulawesi hadi kisiwa cha Flores huko Indonesia, kisiwa ambacho hakikuwa na maradhi haya. Serikali ya huko ikaamuru mbwa wauawe kwa wingi mno. Maradhi hayakwisha. Mwaka 2008 yakaingia Bali, kisiwa kingine ambacho kilikuwa salama. Wakaanza kwa sumu na kuua, na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha katika miaka michache iliyofuata. Kazi ya kuchanja kisiwa kizima ilipoanza mwaka 2010 ndipo idadi ilipoanza kuteremka. Mbwa akiuawa, nafasi yake hujazwa na mbwa mwingine mchanga asiye na kinga. Mbwa aliyechanjwa hubaki mahali pake, naye huwa ukuta. Wataalamu wamekadiria kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa kila mwaka, maradhi hukosa njia ya kupita. Japani ilipitisha sheria yake mwaka 1950, ikasimamia uandikishaji na uchanjaji, na ilipofika mwaka 1957 ikawa imeyafuta.

Wengine huuliza: vipi tuwachanje mbwa ilhali mbwa Pemba hawana wenyewe? Hapa tuseme kweli. Mbwa wana wenyewe, ila wenyewe wanaona haya. Kwa kuwa wengi wetu tunajiepusha na unajisi wake, mtu humtumia mbwa kulinda muhogo wake dhidi ya tumbili na nguruwe, humpeleka msituni kuwinda, humrushia mabaki usiku. Lakini bwana mifugo akipita na kuuliza ni mbwa wa nani, husema ni wa kijiji. Mbwa wa kijiji maana yake ni mbwa asiyechanjwa. Dini yetu haikumfanya mnyama huyu kuwa adui. Katika Suratul Maida mna ruhusa ya kula kilichokamatwa na mnyama wa kuwindia aliyefunzwa, katika Suratul Kahf anatajwa mbwa aliyelala mlangoni pamoja na vijana wa pangoni, na sote tumehadithiwa habari ya aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Asiyetaka kumgusa asimguse. Amfunge kamba kwa mti, amwite bwana mifugo, ajitenge pembeni. Hilo ni kazi ya dakika tano kwa mwaka.

Ama kuhusu bahari. Pemba ni kisiwa, na hiyo ni neema ambayo vijiji vya bara havinayo, kwani mbwa mwenye kichaa hawezi kuogelea kutoka Tanga. Anakuja kwa chombo, na chombo kina nahodha. Katika Mkoani, Wete na Wesha tunaweza kumwuliza abiria mwenye mbwa aonyeshe cheti cha chanjo. Lakini nani anauliza katika bandari bubu? Nani anauliza mashua inayorudi dago, ambamo vijana wameokota mtoto wa mbwa huko bara na kumleta nyumbani kwa kuwa amewapendeza? Sitaki kuwalaumu wavuvi, kwani sijamwona mtu yeyote aliyewahi kuwaambia kwamba ni kosa. Kamati za wavuvi zipo, madiko yana wenyeviti, na kila mwenyekiti anajua chombo gani kimetoka na kipi kimerudi kuliko afisa yeyote aliyekaa mjini. Wakabidhiwe kazi hii kwa maandishi: mbwa asiye na cheti asiteremshwe, na akiteremshwa basi afungwe na ofisi ya mifugo iarifiwe siku hiyo hiyo.

Kwa wakubwa wetu wa Serikali nina maneno matatu, nao wanivumilie. Kwanza, wizara yenye dhamana ya afya na ile yenye dhamana ya mifugo zisikutane siku ya tarehe 28 Septemba tu, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kwa fulana na hotuba. Mtu akiumwa na akafika hospitali, bwana mifugo wa eneo lake apate habari kabla ya jua kuchwa, ili aende akamtafute mbwa. Na bwana mifugo akimkuta mbwa mgonjwa, awaulize majirani nani mwingine ameumwa, awapeleke hospitali. Simu za mkononi kila mtu anazo, kwa hiyo kisingizio cha umbali kimekufa.

Pili, chanjo ya mtu aliyeumwa isimgharimu aliyeumwa. Katika sehemu nyingi za nchi yetu, kwa miaka mingi, aliyeumwa amekuwa akijilipia mwenyewe, na mwenye kuumwa mara nyingi ni mtoto wa maskini atembeaye kwa miguu. Utaratibu wa sindano za juu ya ngozi unatumia dawa kidogo sana, na kichupa kimoja kinaweza kuwatosha watu zaidi ya mmoja, mradi kikishafunguliwa kitumike ndani ya saa chache. Basi majeruhi waelekezwe kwenye kituo kimoja kinachojulikana katika kila wilaya, Micheweni, Wete, Chake Chake na Mkoani, na ufunguo wa jokofu la kituo hicho usisafiri na mtu. Kinachotangazwa kuwa kipo, kiwepo.

Tatu, na hili ndilo zito, bajeti ya kuwachanja mbwa isikatwe kwa sababu hatuoni wagonjwa. Chanjo ya binadamu humwokoa aliyekwisha kuumwa, lakini haimzuii mbwa wa kesho. Utafiti ule nilioutaja umekadiria kwamba kuichanja Pemba kila mwaka na kuidumisha bila ya maradhi kunaziepusha familia zaidi ya 30 kila mwaka na msiba wa kuumwa na mbwa mwenye kichaa. Mwenye kuandaa makadirio ya fedha ataona katika karatasi yake safu ya wagonjwa ina sifuri, na atashawishika kuweka sifuri katika safu ya chanjo pia. Ndivyo ilivyokuwa baada ya mwaka 2014, na mwaka 2016 tulipelekewa hesabu yake.

Kwa upande wetu wa vijijini, nimependekeza katika kikao cha tawi letu, na naipendekeza hapa kwa shehia nyingine, kwamba sheha awe na daftari moja lenye kurasa mbili tu. Ukurasa wa kwanza uwe wa mbwa: rangi yake, anakolala, nani anampa chakula, na tarehe aliyochanjwa. Wa pili uwe wa walioumwa: jina, siku, sehemu ya mwili, mbwa yuko wapi, na tarehe za sindano zote tatu, ili ikipita siku ya saba bila ya alama mtu atumwe nyumbani kwao kuuliza kulikoni. Katika kikao hicho mzee mmoja, msasi wa siku nyingi, alisimama akauliza kama kuandikwa kwa mbwa wake kutamletea kodi. Nilimjibu kwamba hakuna kodi, wala hakuna atakayekuja na bunduki. Alinitazama kwa muda, kwani alikuwapo pia katika kikao cha mwaka 2017 na anayakumbuka maneno yangu. Kisha akataja mbwa wanne. Ninangoja kuona kama wachanjaji watafika kwake mwaka huu.